Engaruka: Shamba Juu ya Shamba

*Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, wilayani Monduli, kijiji cha wakulima kinanywesha mahindi yake kwa mto uleule ulionywesha mtama wa kaumu iliyotoweka. Sheria yasema mawe yasiguswe. Tumbo lasema ardhi ilimwe. Na sasa magadi yaliyo chini ya uwanda nayo yamepata wenye kuyatamani.*

Mwenye zamu ya maji hangoji jua lipande. Huamka kungali na ubaridi uteremkao kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, akatia jembe begani, akaufuata mfereji hata pale unapogawanyika, na hapo, akiwa amezama maji hadi vifundoni, huuziba mkondo wa jirani kwa mawe mawili matatu, matope na magogo ya mgomba, kisha huufungua wake. Na maji, ambayo punde hivi yalikuwa yakienda kwa mwingine, hugeuka kwa utii yakaingia katika matuta ya mahindi, yakisukuma mbele yake povu, majani makavu na wadudu wanaoikimbia gharika yao ndogo.

Mawe mawili matatu hayo ndiyo yaliyoleta makala haya. Kwani jiwe analoliokota mkulima wa Engaruka ili kuziba mfereji wake, aghalabu limekwisha kushikwa na mkono wa mtu mwingine, miaka mia tatu au mia nne iliyopita, kwa kazi iyo hiyo, na mtu huyo hakuna leo amjuaye kwa jina, wala kwa kabila, wala kwa lugha.

Mto mmoja katika nchi kavu

Engaruka iko mkoani Arusha, yapata kilomita 60 kaskazini ya Mto wa Mbu, katika njia iendayo Ngaresero na Loliondo. Kwa hakika ni Engaruka mbili, ya Juu na ya Chini: ile imejibanza chini ya ukuta wa Bonde la Ufa mahali mto unapotokea, na hii imetandaa uwandani, ambako mto huchoka. Msafiri aendaye kuutazama mlima wa moto wa Oldoinyo Lengai huiacha Engaruka mkono wake wa kushoto, na mara nyingi huipita bila kugeuza shingo, maana macho yake yamekwisha kutekwa na kile kilele kilicho mbele.

Nchi yenyewe ni kame. Mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 500, tena huja kwa pupa na kuondoka kwa pupa, na kiangazi kikishika, upepo huinua vumbi uwandani hata mtu asimwone mbuzi wake mwenyewe. Lau si mto, pasingekuwa na mgomba wala hindi. Mto Engaruka huzaliwa katika misitu ya nyanda za juu, hupasua ukuta wa Bonde kwa korongo jembamba, na hutokea chini ukiwa hai mwaka mzima, jambo lililo adimu katika pande zile. Lakini haufiki mbali, kwa kuwa ukiisha kugawiwa mashambani, masalio yake hunywewa na mchanga.

Wakazi wengi ni Wamaasai, na pamoja nao wamo watu wa makabila mengine waliovutwa na maji hayo. Ajabu ni kwamba Mmaasai, ambaye vitabu vya shule vilituzoesha kumwona na fimbo na ng'ombe peke yake, hapa ana mahindi, maharagwe na ndizi, na anajua kuhesabu zamu ya maji kwa saa, sawa na mkulima yeyote wa mteremko wa Kilimanjaro.

Kuta zisizo na chokaa

Pande zote mbili za korongo lile, kwa mwendo wa kilomita kadhaa chini ya ukuta wa Bonde, zimelala athari za maskani saba za kale. Mafundi wake waliuchimba mlima hatua kwa hatua, wakajenga kuta fupi za kuushika udongo, na juu ya kila kipande kilichosawazishwa wakasimamisha nyumba. Ama chini, katika uwanda, waliigawanya ardhi kwa mistari ya mawe, kitalu kando ya kitalu, mpaka eneo lote likapata hekta 2,000, na katikati ya vitalu hivyo wakapitisha mifereji iliyotoka mtoni na katika vijito vingine ambavyo leo vingi vyake ni makorongo ya mchanga.

Yafaa mtu autazame ukuta mmoja kwa karibu. Mawe ni ya volkeno, meusi yenye koga la kijivu, haya makubwa kiasi cha kichwa cha mbuzi, yale madogo kiasi cha ngumi. Hayakuchongwa, wala hayakuunganishwa kwa chokaa wala udongo, yalichaguliwa. Lenye uso bapa limeelekezwa nje, lenye ncha limefichwa ndani, na katika nafasi zilizobaki vimeshindiliwa vijiwe vya kukazia ili pasiwe na jiwe la kucheza. Mtu asiyeijua kazi ile akilichomoa moja kwa udadisi na kutaka kulirudisha, huona kwamba halikai tena. Na kwa udadisi huo atakuwa amekwisha kuvunja sheria ya nchi, kama nitakavyoeleza mbele.

Ufundi huu haukuwa wa siku moja. Wataalamu waliopima makaa na udongo wanaiweka Engaruka ya kale kati ya karne ya 15 na karne ya 18, au mwanzo wa ile iliyofuata, na katika uchimbaji zimepatikana punje za mtama zilizoungua. Ng'ombe, kadiri ionekanavyo, walifungiwa katika mazizi ya mawe na kulishwa humo, na samadi yao ikarudishwa shambani. Nchi haikuwa na nafasi ya kumwachia ng'ombe ajitembelee.

Mji ambao haukuwa mji

Wageni wa mwanzo walioandika habari za mawe haya walikuwa Wazungu. Mwaka 1883 tabibu wa Kijerumani, Gustav Fischer, alipita hapa na msafara wake uliotoka Pangani, akaona marundo ya mawe yakichomoza uwandani, akayafananisha na kuta za ngome zilizobomoka. Wapagazi wake nao waliyaona, kwa miguu iliyochoka na mizigo kichwani. Wao hakuna aliyewauliza wameona nini.

Mwaka 1935 alikuja mtaalamu wa mambo ya kale Louis Leakey, ambaye fuvu la Olduvai lililoitangaza familia yake duniani, nalo liliokotwa na mkewe Mary mwaka 1959, lilikuwa bado limo ardhini. Serikali ilitaka kujua Engaruka ni nini. Leakey alitembea, akahesabu vitako vya nyumba mlimani, akapata vipatavyo 6,300, na katika taarifa yake iliyochapishwa mwaka 1936 katika toleo la kwanza la *Tanganyika Notes and Records* akakisia kwamba palikaa watu kati ya 30,000 na 40,000. Tangu hapo jina la mji uliopotea likaishika Engaruka kama kupe, na hata leo mtu wa mjini akiulizwa habari zake, kama amepata kuzisikia, atajibu: mji wa kale.

Waliomfuata waliipunguza hesabu hiyo, na tena waliigeuza. Hamo Sassoon, aliyechimba hapo katika miaka ya 1960, na baada yake John Sutton, aliyeirejea Engaruka mara nyingi na kuandika juu ya maji yake, walionyesha kwamba nyumba hizo zote hazikukaliwa siku moja, na kwamba kiini cha mambo hakikuwa mlimani penye nyumba, kilikuwa uwandani penye vitalu. Marundo mengi yaliyodhaniwa makaburi ya wakubwa yamebainika kuwa mawe tu, yaliyokusanywa na mtu aliyekuwa akisafisha shamba lake. Engaruka haikuwa mji wenye mashamba. Ilikuwa shamba lenye vijiji.

*«Engaruka haikuwa mji wenye mashamba, ilikuwa shamba lenye vijiji.»*

Mimi naona kosa la kwanza halikuwa la hesabu tu. Mtu aliyelelewa kuamini kwamba ustaarabu ni mnara, kasri na lango, akikutana na kazi kubwa ya mikono, hutafuta mara moja mnara, kasri na lango. Na asipoviona husema vimezikwa. Kumpa mkulima sifa ya kazi kubwa kama ile, mkulima asiye na mfalme wala askari ambaye dalili yake imepatikana mpaka sasa, kulikuwa kugumu.

Hapa nasi watu wa pwani tusijitoe. Karne ileile ya 15, wakati Engaruka inajenga mifereji, Kilwa ilikuwa na sultani wake, na katika karne iliyofuata ikapata tarihi yake iliyoandikwa; msikiti wake mkuu una umri mkubwa kuliko kuta za Engaruka kwa karne kadhaa. Lakini Kilwa, kwa kuwa ilikuwa na kalamu, imo ndani ya tarihi, na Engaruka, kwa kuwa haikuacha hata herufi moja, inawekwa kabla ya tarihi, ijapokuwa ndiyo iliyo ndogo kwa umri. Ni ugawaji wa ajabu, unaompa cheo mwenye wino na kumnyima mwenye jembe, nasi tumeukubali bila hoja kwa sababu wino ulikuwa wetu.

Udongo uliopanda maji

Katika mambo yote yaliyogunduliwa Engaruka, lililo kubwa kwangu ni hili. Daryl Stump, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Uingereza, alipokata mitaro katika vitalu vya zamani na kuisoma tabaka baada ya tabaka, alionyesha kwamba katika sehemu kadhaa wakulima wale hawakuukuta udongo wa shamba lao. Waliuleta, na hawakuuleta kwa vikapu, waliuleta kwa maji.

Namna yake ni hii. Maji ya mafuriko hushuka mlimani yakiwa mazito kwa tope. Mkulima huweka mstari wa mawe kuyakingama. Maji hupungua mwendo, na tope, lililokuwa likisafiri kwa nguvu za maji, huanguka nyuma ya mawe. Msimu ukipita, huwa pamekaa udongo kimo cha vidole. Mkulima huongeza mstari wa mawe juu ya ule wa kwanza, na mwaka wa pili mto humletea udongo mwingine. Na hivyo, miaka kwa miaka, ukuta hupanda na shamba hupanda pamoja nao, hata mahali palipokuwa changarawe tupu pakawa na ardhi ya kupandwa mtama.

Basi kuta zile si mipaka ya shamba, ndizo zilizolizaa. Ukiondoa mstari mmoja wa mawe hukuondoa pambo, umeondoa kizuizi cha udongo ulioshikwa kwa vizazi, na mvua ya kwanza yenye nguvu inaweza kuurudisha ulikotoka. Haya si mambo ya wafu peke yao, maana mkulima wa leo anayelima penye udongo mwingi na laini huenda analima, bila kujua, juu ya akiba aliyowekewa na mtu wa karne ya 16.

Waliondoka kwa nini?

Juu ya sababu za kuondoka kwao wataalamu wamesema mengi, na hakuna kauli iliyozishinda nyingine zote. Wako wanaosema maji yalipungua, ama kwa mabadiliko ya mvua, ama kwa sababu misitu ya juu ilikatwa na vijito vikafa kimoja baada ya kingine. Na dalili ya hoja hii mtu huiona kwa macho, kwa kuwa mifereji mikavu ipo ambayo chanzo chake hakina tena maji ya kuipa. Wako wanaosema udongo ulichoka. Wako wanaotaja kuja kwa wafugaji wa Kimaasai, ambao huenda waliwatoa kwa mkuki au, yaliyo karibu zaidi na akili, waliwameza kwa ndoa na ujirani.

Walikwenda wapi ni swali la pili. Wengine huelekeza kidole kwa Wabatemi, ambao wengi huwaita Wasonjo, wakaao magharibi ya Ziwa Natron katika vijiji vya mifereji, ambako mpaka karne iliyopita maji yaligawiwa na baraza la wazee waitwao wenamiji, na mtu asiyekuwa na haki ya zamu alipaswa kuiomba kwa mwenye nayo. Wengine huwataja Wairaqw. Kufanana kupo, lakini kufanana si nasaba. Wamarakwet wa Bonde la Kerio nchini Kenya nao wana mifereji ya kale, na Wakonso wa Ethiopia wana kuta za mawe zenye kustaajabisha, wala hakuna awaitaye ndugu wa Engaruka kwa sababu hiyo tu.

Lakini katika utetezi wa athari jambo hili lina uzito. Konso imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2011, na wenyewe wapo, wanazijenga kuta zao upya zikianguka. Thimlich Ohinga ya Kenya iliingia mwaka 2018, na watu wa pale wana hadithi za kuisimulia. Engaruka haimo katika orodha hiyo, wala haina mjukuu wa kusimama barazani akasema: haya ni ya babu yangu, msiyaguse.

Sheria na jembe

Badala ya mjukuu, Engaruka ina sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yasema kwamba jengo lililofanywa na mkono wa mtu kabla ya mwaka 1863 ni kumbukumbu yenye kulindwa, na kulibomoa, kulibadili au kulihamisha bila ruhusa ni kosa. Kwa maneno hayo kila mstari wa mawe katika hekta zile 2,000 umo chini ya ulinzi wa dola, na kila mkulima anayesogeza jiwe ili jembe lipite yuko hatua moja kutoka mahakamani.

Kwa upande wa pili ipo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ambayo humpa mwanakijiji haki ya kutumia ardhi ya kijiji chake na huupa mkutano mkuu wa kijiji kauli juu ya ugawaji wake. Kijana aliyeoa, mwenye mke na mtoto mchanga, akigawiwa robo ya eka karibu na mfereji, na robo hiyo ikawa imepitiwa na ukuta wa kale, sheria moja humwambia lima na nyingine humwambia simama. Ni muhali kwa mtu mwenye akili timamu na njaa timamu kuitii ya pili.

*«Sheria moja humwambia lima na nyingine humwambia simama.»*

Walinzi wa athari wana hoja yao, nayo si ya kupuuzwa. Ukuta ukibomolewa hauwezi kujengwa tena ukawa ule. Punje iliyokaa ardhini miaka 400 hupotea kwa pigo moja la plau. Na trekta, tofauti na jembe la mkono ambalo mwenyewe hulizungusha kando ya jiwe kubwa, halina habari na jiwe. Fauka ya hayo, sehemu kubwa ya Engaruka haijachimbwa. Tunayoyajua tumeyasoma katika mitaro michache, mithili ya mtu aliyefungua kitabu mahali pachache akakifunga.

Wakulima nao, wakisikilizwa kwa insafu, wana hoja iliyo sawa kwa uzito. Watu wa kale wenyewe hawakuyahifadhi mawe. Waliyahamisha kila msimu, wakabomoa hapa wakajenga pale, wakapandisha ukuta na kugeuza mfereji. Mtu anayefanya leo kazi ileile, mahali palepale, kwa maji yaleyale, anaitwa mharibifu, na yule aliyeifanya jana anaitwa fundi wa kale. Sharti mtu afe miaka mingapi ndipo jembe lake lipate heshima?

Mimi sina jibu la kuwaridhisha wote wawili, ila naona uzio haufai. Penye uzio mfereji hukauka, miti hushika mizizi kati ya mawe, na ukuta ulioshikwa na mizizi huanguka bila kuguswa na mtu. Bora yafanyike mapatano ya kitalu kwa kitalu: hapa pasiguswe kabisa, hapa palimwe kwa jembe la mkono na kuta zibaki, hapa trekta lipite. Mapatano ya namna hiyo yahitaji ramani ambayo mwanakijiji anaweza kuikunjua juu ya meza ya ofisi ya kijiji na kuweka kidole juu ya shamba lake.

Utalii waweza kuchangia. Hifadhi ya kijiolojia ya Ngorongoro Lengai, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2018, inaihesabu Engaruka miongoni mwa vituo vyake, na magari ya wageni hupita kila siku ya msimu kuelekea Lengai na Natron. Lakini mgeni anayesimama nusu saa, akapiga picha ya jiwe na kuondoka, hajaacha kitu shambani. Laiti angeonyeshwa mfereji wa leo kando ya mfereji wa kale, na mkulima akalipwa kwa kuuonyesha, ukuta ungekuwa na mtetezi mwenye sababu ya kuutetea.

Magadi

Wakati mabishano ya jembe na jiwe yakiendelea, limeibuka jambo kubwa kuliko yote mawili. Mashariki ya kijiji, chini ya uwanda wa Engaruka, kuna maji ya chumvi yenye magadi mengi, na Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, limekuwa likiandaa mradi wa kuyavuta na kuyageuza magadi ya viwandani, yale yatumiwayo katika kutengeneza kioo na sabuni, kwa kiasi kinachotajwa kufikia tani milioni moja kwa mwaka.

Mradi huu una historia yake. Kwanza macho yalikuwa Ziwa Natron, ambako kampuni ya Tata Chemicals ya India ilikusudia kushirikiana na serikali, na kelele zikapigwa ndani na nje ya nchi kwa ajili ya heroe wadogo, ambao Natron ndiyo mazalio yao makuu katika Afrika Mashariki yote. Heroe wakashinda. Engaruka ikapewa nafasi ya Natron kwa hoja kwamba hapa hakuna ndege wa kuogopewa.

Hoja hiyo ni ya kweli kwa upande wa ndege. Tanzania huagiza magadi kutoka nje ilhali yamelala chini ya ardhi yake, na ajira za kiwanda si jambo la kudharauliwa katika wilaya ambayo ukame mmoja humaliza zizi zima. Nasema haya kwa sababu ni rahisi kwa mwandishi wa mjini kukilaani kiwanda, kisha akanywa maji yake katika gilasi.

Lakini kiwanda cha magadi huhitaji pia maji matamu, na watu watakaokifuata kiwanda, pamoja na maduka na nyumba zao, huyahitaji zaidi. Katika nchi ile maji matamu ya juu ya ardhi yasiyokauka ni ya mto mmoja. Mto huo umegawiwa tayari kwa zamu, na mtu anayesimama mfereji wa mwisho, kule Engaruka Chini, anajua mwezi wa Septemba ulivyo.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka maji ya nchi chini ya bodi za mabonde, na Engaruka imo katika Bonde la Kati, ambalo bodi yake hukaa Singida. Singida ni mbali. Anayegawa maji kwa kalamu kutoka Singida na anayeyagawa kwa jembe saa kumi na moja alfajiri hawajawahi kukutana penye mfereji, na hapo ndipo naiona hatari ya Engaruka, kuliko katika jiwe linalosogezwa na kijana mwenye robo eka yake.

Maana maskani zile saba za kale hazikufa kwa kukosa kuta. Kuta zipo mpaka leo.

Kwa wenye mamlaka

Ombi la makala haya ni dogo. Kabla kibali kingine kikubwa cha maji hakijatolewa katika bonde lile, wakuu wa Mambo ya Kale, wa Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, wa NDC na wa Halmashauri ya Wilaya ya Monduli waende Engaruka siku moja, wote pamoja, wakae katika mkutano mkuu wa kijiji chini ya mti, na waje na karatasi mbili: ramani ya kuta zote za kale na vipimo vya mto kwa kila mwezi wa mwaka. Wazitandaze moja juu ya nyingine, mbele ya watu, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai. Na waende mapema, kungali giza, ili wamkute mwenye zamu ya maji bado yumo mferejini.